Duveti ya Nne na Nusu

12 Mei

Kwa mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Unakula au unasubiri kupikiwa? Kikohozi cha vumbi la maboksi kimekuacha? Mimi mzima, ila ni uzima wa kutetemeka. Goti la kulia linauma kama kawaida yake, na la kushoto limeanza kuliiga.

Nakuandikia kwa sababu simu na sikio langu vimegombana. Ukipiga nasikia kama mtu anakaanga kitu.

Tangu baba yako mdogo anitoe kwangu na kunipandisha huku mlimani kwake, hii ni wiki ya saba, sijapata usingizi wa kueleweka. Baridi ya huku haina adabu. Unapanda nayo kitandani, inachukua upande wa ukutani, na asubuhi yenyewe ndiyo inakuamsha. Nina mablanketi matatu mazito kama magunia. Nikitaka kugeuka lazima nifanye mkutano na mbavu zangu kwanza.

Baba yako mdogo yuko barabarani na lori lake, akirudi analala siku mbili anaondoka. Kwa hiyo nyumbani tupo wawili, mimi na mkewe. Na mama yako mdogo unamjua. Nikiosha vikombe, anavichukua kimyakimya anaviosha tena. Mimi! Niliyefua mashuka na mablanketi ya hospitali miaka ishirini na miwili, madaktari wakilalia kazi ya mikono yangu! Siku hizi ni "umeamkaje" na "nimeamka", basi, kila mtu na njia yake.

Sasa sikiliza. Fundi cherehani anaitaka nyumba yangu ya kule chini, ahamie na mashine zake na wanawe. Anataka neno langu kabla Julai haijaisha. Nikimpa ufunguo nimehamia huku jumla. Nikimnyima narudi kwangu, peke yangu. Baba yako mdogo hataki hata kusikia habari ya kurudi, kwa ajili ya siku ile niliyoanguka uani nikakaa chini tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nimemwambia: nikiweza kulala huku, nabaki. Nikishindwa, narudi. Mtu hawezi kuzeeka bila usingizi.

Ndipo akasema ataninunulia duveti, lile blanketi la kisasa lililojazwa kama mto. Nimeshuka dukani kuziangalia. Zipo tatu, kwa macho zinafanana kama watoto wa tumbo moja, ila kila moja ina namba: nne na nusu, kumi na nusu, kumi na tatu na nusu. Sijui namba hizo zinapima nini. Si urefu, maana urefu ni mmoja. Nikasema kwa nini nihangaike, na nina mtu wangu kwenye ghala la vitu vya kulalia. Nichukue ipi? Ananunua moja tu, usinipoteze.

Mkeo mwenye baridi,
Bibi


23 Mei

Shikamoo mke wangu wa kwanza, na wa pekee mpaka nipate mwenye meno yote,

Barua imefika, nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi sijambo, nang'aa. Kikohozi kiliniogopa kikaenda zake. Na wewe acha kuyasikiliza magoti, ukiyapa nafasi ya kuongea hayanyamazi.

Bibi, umemuuliza mtu mwenyewe! Miezi minne tu hapa na tayari nikipita watu wanapisha. Msimamizi wetu tunamwita Kipenga, kwa sababu ya filimbi anayoning'iniza shingoni kama mtoto wa shule. Amenikabidhi rafu nzima ya mifuko ya kulalia, ile ya wapanda milima. Mimi ndiye nafungasha, mimi ndiye nasoma namba, mimi ndiye najua nani ataganda na nani atapona. Wale waliosema sikumaliza shule waje wasimame mbele ya rafu yangu tuulizane maswali.

Mfuko wa kulalia ni nini? Ni duveti iliyoshonwa pembeni ikatiwa zipu. Ndugu wa damu. Sasa fungua masikio, hata lile lililogoma. Mfuko wa namba kumi ni wa watu wa kawaida, wanaolala nje kidogo halafu wanajisifu. Wa namba sifuri ni wa baridi ya kweli. Halafu kuna wenye kistari mbele ya namba, kistari kumi. Huo unaweza kulala juu ya barafu ukaota uko jikoni. Umeona? Namba ikishuka, joto linapanda. Ndivyo wazungumzavyo wataalamu, na mimi.

Kwa hiyo: NNE NA NUSU. Fumba macho uinunue. Ukichukua kumi na tatu na nusu utaganda kama samaki wa kwenye friji, na mimi nitakuwa mgane kabla sijaoa. Ukiipata vuta zipu mpaka kidevuni, ulale.

Na usirudi kule chini, bibi. Mlango wako wa uani mimi ndiye nilikuwa naufungua kila asubuhi, na siku ile ulipoanguka nilikuwa nimeondoka wiki tatu tu. Basi. Msalimie baba mdogo. Mama mdogo msalimie nusu.

Mumeo, mkuu wa usingizi


5 Juni

Mkuu wa usingizi,

Salamu zako nimezipokea. Nusu ya mama yako mdogo sikuifikisha, nilihofia ataiosha tena. Sisi tupo, tunavumilia.

Duveti imenunuliwa. Nne na nusu, kama ulivyoamuru. Ni nyeupe, ina harufu ya duka, na inaingia kwenye mfuko wa mkononi. Nilipoinyanyua mkono wangu uliniambia hapana. Ni nyepesi kama shuka lililovimba. Lakini wewe ndiye uliyeko ghalani.

Zipu iko wapi? Nimeizunguka duveti hii pembe zote nne. Nimeitandaza sakafuni nikapiga magoti, haya haya unayosema niyanyamazishe, nikapapasa upindo wote kama natafuta sindano. Hakuna zipu. Kuna vifungo vya kubana, kimoja kila pembe na vingine katikati ya upindo. Nikavibana kimoja kwa kingine, nikapata kitu kama kiroba. Nikaingia. Mguu mmoja ukatokea upande wa pili. Wakati huo mama yako mdogo alikuwa anapita na ndoo, mlango uko wazi. Alisimama. Akaniangalia nilivyo ndani ya kiroba sakafuni, mguu nje. Akasema, "Mama, nikusaidie?" Nikamwambia, "Sihitaji, najipima." Akaenda zake, ila nilimsikia akimpigia baba yako mdogo simu kwa sauti ya chini.

Na joto halipo. Nimerudisha mablanketi matatu juu yake, ndipo nikapata nafuu kidogo, lakini mbavu ni zile zile. Sasa sielewi. Kama namba ndogo ndiyo joto kubwa, hilo joto limekaa upande gani? Au nimeigeuza juu chini? Juu na chini yake vinafanana.

Fundi cherehani amepita tena kuuliza. Nimemwambia bado nalala, nikiamka nitamjibu. Hakucheka.

Bibi yako


15 Juni

Shikamoo bibi, shikamoo kiroba,

Nimecheka mpaka Kipenga kanipulizia filimbi. Ungenitumia picha ya ule mguu, ningeibandika kwenye rafu. Mimi mzima kabisa. Nyumba ninayolala, mimi na mfungashaji mwenzangu tunayemwita Chuma, ina dirisha lisilofunga, na tuna mablanketi mawili kila mtu, hatulalamiki kama wewe.

Tatizo nimeliona hata bila kuja. Usishtuke, wengi hukosea. Kosa ni mablanketi! Ndani ya duveti kuna manyoya, na manyoya yanataka kuvimba yapate hewa. Wewe umeyatwika magunia matatu. Yatapumua vipi? Hili si la kwangu, limeandikwa kwenye karatasi ya mifuko yetu: usikandamize. Yaondoe yote matatu, mpe mama mdogo ayafue mara mbili.

Kosa la pili, nina hakika unalala na sweta na soksi. Nimepatia, eh? Mteja mmoja mpanda milima aliniambia mwenyewe, ana kidole kimoja kilichokatwa na baridi kwa hiyo anajua anachosema: ukiingia umejifunika nguo nyingi, joto la mwili linakwama kwenye nguo, mfuko haulipati. Vaa gauni moja jepesi. Vua soksi. Utasikia baridi siku ya kwanza, labda na ya pili, usiogope. Duveti inakuzoea, kama kiatu.

Zipu, watakuwa wamekuuzia toleo jipya. Mambo ya kisasa hayana zipu siku hizi.

Bibi, nifuate mimi. Sikukwambia lolote nisilolijua. Mwambie fundi cherehani aanze kufunga virago.

Mumeo, profesa


3 Julai

Bibi, shikamoo,

Sijapata jibu lako, na kwa kawaida ungekuwa umeshanitukana. Mko salama? Baridi imepungua?

Acha yote, soma hili kwanza. RUDISHA MABLANKETI YOTE MATATU. Vaa sweta. Vaa soksi, mbili mbili. Fanya sasa hivi kisha ndipo uendelee kusoma.

Umefanya?

Juzi bweni la wauguzi liliagiza duveti arobaini, za joto kuliko zote. Dada anayeshughulikia rafu ya duveti alikuwa amekwenda kumzika jirani yake. Kipenga akauliza nani anajua duveti, na mimi mkono ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Nikapakia arobaini za nne na nusu. Nikapiga na mluzi. Gari likarudi na zote arobaini siku ya pili, na barua ya matroni yenye maneno ambayo matroni hapaswi kuyajua.

Yule dada akanikalisha juu ya boksi. Akasema namba ya mfuko wa kulalia inataja baridi ya nje, yaani mfuko huu unaweza kustahimili mpaka baridi ya kiasi hiki. Kwa hiyo ikishuka, mfuko una nguvu zaidi. Lakini namba ya duveti haitaji hali ya hewa kabisa. Wanaiita togi. Inapima jinsi duveti inavyolizuia joto la mwili wako lisitoroke. Ikipanda, inazuia zaidi. Nne na nusu ni ya watu wanaolala dirisha wazi kwa sababu ya jasho. Kumi na tatu na nusu ndiyo ya baridi. Na mkono hauwezi kuipima, alisema, maana nyingine ya kumi na tatu na nusu ni nyepesi kuliko blanketi moja zito, inategemea kilichojazwa ndani.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu nilikuwa naitikia tu kwa kichwa, ndani kumevurugika. Yaani vitu viwili vya kulalia, ghala moja, rafu zinatazamana, na namba zinakwenda huku zikirudi kule! Nani alikaa akaamua hivyo? Hata sasa nikiandika lazima nisimame nijiulize, inapanda au inashuka. Hata vile vifungo vya pembeni nilivikosea. Ni vya kuunga duveti mbili: ya nne na nusu na ya tisa, zikibanwa pamoja zinakuwa kumi na tatu na nusu.

Kwa hiyo nilikuandikia kinyume. Halafu nikakuvua na soksi.

Nijibu haraka. Hata neno moja.

Mjukuu wako


14 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nimekwenda posta mara nne. Karani ananiona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nimempigia baba mdogo, simu yake haipatikani, nadhani yuko kwenye ile njia isiyo na mtandao. Ya mama mdogo sina. Sikuwahi kumwomba namba, nilikuwa upande wako kwenye vita ya vikombe.

Kama umekasirika, sawa, kasirika, ila kwa maandishi. Kama umerudi kule chini, sema, nijue niandike anwani ipi. Sijui niwaze nini. Nikiwa kazini naushika mfuko, nasoma namba, naweka chini, nausoma tena. Chuma ananiuliza kama nimeanza kusahau kuhesabu.

Mjukuu wako


21 Julai

Mume wangu,

Pole kwa kungoja. Mimi nipo. Mkono bado dhaifu, ukiona herufi zinalala ujue ninaandika nimelala.

Barua zako za Julai nimezikuta zote mbili jana, nilipotoka hospitali. Nimelazwa siku ishirini na mbili. Ni kichomi, pafu la kushoto, daktari kijana ananiita "mama" kila neno. Sikukuandikia kwa kuwa nilikuwa siwezi kushika kijiko, seuze kalamu.

Nitakueleza kwa utaratibu. Nilikufuata. Mablanketi niliyatoa, sweta nikavua, soksi nikavua. Siku ya kwanza nikasema duveti bado hainijui. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikaanza kukohoa nikasema ni vumbi. Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Juni mama yako mdogo alileta chai akanikuta siitiki na midomo imebadilika rangi. Alichofanya sikukiona, nimeambiwa na jirani. Aliitupa hiyo duveti mlangoni, akayarudisha mablanketi, akapanda kitandani na viatu vyake akanikumbatia kwa nyuma, huku anampigia kelele jirani atafute gari. Hospitali hakuondoka. Amelala kwenye kiti siku zote hizo. Baba yako mdogo alipofika tulikuwa tumeshamsema kila kitu chake, kukoroma kwake, soksi zake, ndevu zake kwenye sinki, na bado hatujammaliza.

Sasa la kwako. Umeomba nikasirike kwa maandishi. Nimejaribu. Nikianza kukukasirikia wewe nafika katikati najikuta najikasirikia mimi, kisha sijui nilikuwa naelekea wapi. Maana kuna jambo sikukwambia. Siku ile dukani muuzaji alinieleza. Alisema, "Bibi, hii ya nne na nusu ni ya sehemu za joto, mlimani itakuua." Kwa maneno hayo hayo. Nikamwambia mbele ya watu waliojaa pale, "Mjukuu wangu ndiye anayezisimamia huko zinakotoka, wewe unauza tu." Watu wakacheka, akanifungia. Na mkono wangu nao ulikuwa umeshakataa, mkono ulioshika mablanketi ya wagonjwa miaka yote hiyo. Nikaunyamazisha. Huyo dada yenu aseme mkono haupimi, lakini safari ile ulipima.

Kwa nini nilikuamini kuliko hao wote, sijui. Labda kwa sababu ulikuwa umefurahi sana kuulizwa.

Ufunguo nimempa fundi cherehani. Alikuja kunitazama hospitali Jumatatu, nikautoa chini ya mto nikampa. Usidhani ni kwamba nimepata usingizi. Sijapata. Nimempa kwa sababu nilijiuliza, ningekuwa kule kwangu asubuhi ile, nani angeingia na chai? Nikatafuta mtu, sikumpata. Nililia kidogo. Ile nyumba nilichanganya udongo wake mwenyewe.

Sasa mama yako mdogo anauliza, na mimi nauliza. Hii nne na nusu bado tunayo, ameifua. Tununue ya tisa tuibane nayo kwa vifungo, au tuache tuchukue kumi na tatu na nusu nzima? Muuzaji sasa anazo zote, hata ya tisa. Wewe unasemaje?

Bibi yako


31 Julai

Shikamoo bibi. Shikamoo mama mdogo, najua utamsomea, macho yake yamechoka kwa kiti.

Barua yako nimeisoma nje ya posta, karani akatoka kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hakuna. Nikamwambia mara mbili.

Kuhusu ya tisa na vifungo au ile nzima: sijui.

Nilikwenda kwa dada wa duveti ili nikuletee jibu. Nikamwambia ni kwa bibi yangu aliyenilea. Badala ya kunijibu akaanza kuniuliza yeye. Chumba chake kina dari au mabati matupu? Kitanda kimegusa ukuta? Anatokwa jasho akilala, maana wazee wengine hulowa alfajiri ndipo baridi inawapata? Anaamka mara ngapi kwenda msalani? Ana nguvu ya kuinua duveti mbili zilizobanwa pamoja? Nikasimama pale na boksi mikononi. Swali la kwanza sijui, la pili sijui. Akaniuliza, "Huyo si ndiye aliyekulea?" Nikasema ndiye.

Miezi yote hii nimekujibu, bibi, na sikuwahi kukuuliza hata kitu kimoja.

Kwa hiyo leo sijibu. Endelea na mablanketi yako, na soksi. Ukipata nguvu, au mama mdogo akuandikie kama mkono bado, nieleze chumba hicho. Anza na dirisha. Liko upande gani wa kitanda?

Mjukuu wako